Shajara ya fensi ya nyumbani: kutoka kutafuta bikoni mpaka kukaza waya

Naandika hii kwa ajili ya yeyote anayetaka kuzungushia nyumba yake fensi ya wavu na nguzo za mbao. Kila hatua ikiisha naongeza chini yake. Bei sitaji manake kila sehemu ina bei zake, badala yake nimechukua bajeti yote ya mwanzo nikaiita pointi 100, kwa hiyo nikisema kitu kimekula pointi 5 ujue ni asilimia 5 ya nilichopanga kutumia.

Kiwanja kwenye karatasi ni mita 24 mbele na nyuma, mita 32 pembeni. Mpango: wavu wa waya wa kimo cha mita 1.8 (huu wenye matundu ya almasi ambao mafundi wanauita chenilinki), nguzo za mbao za duara zilizotiwa dawa, geti kubwa la gari mita 3.5 na geti dogo la kupita watu mita 1 pembeni yake.

Jumamosi, 11 Januari: kupima

Nilidhani hii ni kazi ya asubuhi moja. Nikachukua tepu ya mita 50, vigingi, kamba na mtu wa kunishikia upande wa pili. Mbele ikatoka 24 kamili, pembeni zote mbili 32, nyuma 23.55. Sentimita 45 hazipo.

Kwanza nikasema labda tepu ilipinda. Baadaye nimekaa nikawaza, tepu ikilegea au ikibonyea katikati inakupa namba KUBWA kuliko ukweli, haiwezi kukupa ndogo, kwa hiyo kisingizio cha tepu hakikusimama. Nikapima kona kwa kona. Na hapa ndo nataka mtu anayesoma atulie kidogo, manake hiki kipimo kinachukua dakika kumi na kimeniokoa. Kiwanja cha mstatili kikiwa sawa, kona kwa kona mbili zinatoka sawasawa. Changu bahati nzuri ni rahisi kukumbuka, 24 kwa 32 ni ile 3-4-5 ya mafundi (pande za 3 na 4 zikikutana kwa kona ya mraba, ya kuvuka inakuwa 5) ukizidisha kwa 8, basi kona kwa kona inatakiwa iwe mita 40 kamili. Moja ikatoka 40, ya pili 39.73. Maana yake kona moja ya nyuma si kona.

Kona yenyewe ni ile ya nyuma kushoto ambapo nilipima kutoka kwenye ua wa miti wa jirani, sikuona bikoni (alama ya kona ya kiwanja inayofukiwa ardhini) nikachukulia ua ndo mpaka. Ua wa miti unanenepa na kutembea miaka inavyokwenda, mtu anapunguza matawi upande wake tu, upande wa pili unasogea. Nimesimamisha kila kitu.

Gharama leo: siku moja. Pointi 0.

Jumamosi, 18 Januari: bikoni

Nilimfuata jirani kabla ya kushika sururu. Ni mzee mtaratibu sana, nikamwambia, "Mzee, napanga kuweka fensi lakini kona yetu hii sijaielewa, naomba tuitafute pamoja, sitaki kuchimba peke yangu." Akanijibu, "Hapo umefanya vizuri mwanangu, twende na mimi nina karatasi zangu." Tukapima kutoka kwenye bikoni ya mbele na ile ya nyuma kulia, pale kamba mbili zilipokutana tukachimba taratibu, na kina cha mkono mmoja hivi tukaikuta, nguzo fupi ya zege yenye chuma katikati, imefunikwa na udongo na majani ya miaka mingi. Ipo ndani kabisa ya ua, sentimita 45 kutoka pale nilipoweka kigingi changu.

Tumekubaliana ua ule upunguzwe upande wangu na nguzo ya kona hiyo nisiimwagie zege mpaka yeye awepo. Bikoni haiguswi wala haisogezwi, hata kama iko sehemu mbaya, na kama isingeonekana ningemwita mpima ardhi badala ya kukisia.

Jambo lingine nililojifunza hapa: fensi usiiweke juu ya mstari wa mpaka wenyewe. Mguu wa zege wa nguzo ya kona una upana wa sentimita 40, ukiiweka katikati ya mpaka nusu yake iko kwa jirani. Nimeingiza mstari wangu sentimita 20 ndani pande zote. Fensi sasa ni mita 23.6 kwa 31.6, kona kwa kona 39.44.

Niliuliza pia ofisi inayohusika na vibali. Upande wa barabara kuna kikomo cha kimo, na fensi haitakiwi kumziba macho dereva anayetoka getini. Wavu hauzibi kitu kwa hiyo nikapita. Ulizeni mapema tu, ni swali la siku moja, kubomoa ni kazi ya wiki.

Jumamosi, 25 Januari: hesabu ya karatasi

Nguzo zisizidi mita 3 kutoka moja hadi nyingine, mimi nimelenga kama 2.4. Nafasi kati ya nguzo na nguzo naiita chumba: nyuma vyumba 10 vya mita 2.36, kila upande wa pembeni vyumba 13 vya mita 2.43, mbele ukitoa mageti inabaki mita 19.1 ambayo nimeigawa vyumba 3 kushoto na 5 kulia. Jumla nguzo 46: nne za kona, tatu za mageti (mageti yanashirikiana moja ya katikati), 39 za kawaida. Wavu karibu mita 106, rolo za mita 20, kwa hiyo rolo 6.

Nguzo za kawaida urefu mita 2.5, yaani 1.8 juu na 0.7 chini. Za kona na mageti ni nene zaidi na zinashuka sentimita 90. Kwa wanaokaa sehemu ambazo ardhi inaganda kipindi cha baridi, shimo lazima lishuke chini ya kina cha kuganda, la sivyo barafu itakuwa inainua nguzo kidogo kidogo kila mwaka.

Zege la uwiano wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto). Shimo la kawaida upana sentimita 30, chini naweka kokoto kavu sentimita 10 alafu zege sentimita 60. Zile kokoto ni muhimu kwa mbao, kitako cha nguzo kinakaa ndani ya kokoto, maji yakishuka yanapotelea chini, ukikifungia kitako ndani ya zege umetengeneza kikombe cha kuhifadhi maji na mbao itaozea humo. Hesabu ikatoka kama mita za ujazo 2.1, ukiongeza na za kupotea ni mifuko 15 ya saruji ya kilo 50.

Bajeti: nguzo pointi 30, wavu na waya zake 26, mageti 22, zege 10, vibarua na usafiri 12.

(Nikiongeza baadaye: hesabu hii ina kosa kubwa, nimesahau kitu kizima. Endelea kusoma mpaka tarehe 1 Machi.)

Jumamosi, 1 Februari: geti

Mpango ulikuwa geti la milango miwili inayofunguka kwa ndani, kila mlango mita 1.75. Nilikuwa nimeshaelewana na fundi wa kuchomelea, kilichobaki ni kumpa malipo ya mwanzo. Usiku wake nikawaza kuhusu njia ya gari, ile inapanda kuelekea nyumbani, si sana, macho hayaoni kama ni kilima.

Asubuhi nikachukua ubao ulionyooka wa mita 1.75, ncha moja nikaishikilia pale nguzo ya geti itakapokaa, sentimita 20 kutoka ardhini, nikaweka pima maji juu yake mpaka ukalala sawa, nikauzungusha kama mlango unavyofunguka. Ncha ya pili ikabaki sentimita 5 tu juu ya ardhi. Yaani njia inapanda sentimita 15 ndani ya upana wa mlango mmoja. Geti lenye nafasi ya kawaida ya sentimita 5 chini lingefunguka robo tu likagota.

Nilipima njia tatu. Kulifungulia nje, hapana, linaingia kwenye njia ya watu. Kuliinua sentimita 18, mbwa na kuku wote wanapita chini, fensi inakosa maana. Kukata njia ya gari iwe tambarare, maji ya mvua yangetuama hapo hapo getini. Nimeishia kwenye geti la kusukuma pembeni linalotembea kwenye reli. Upande wa mbele uko tambarare kwa hiyo reli inakaa vizuri, na kushoto kuna mita 7.16 za fensi, nafasi ya kutosha geti kujificha. Kulia isingewezekana manake geti dogo liko kulia, ukifungua kubwa lingeziba dogo. Hilo nalo niliona baada ya kuchora, kwa kichwa nilishapanga lisukumwe kulia.

Reli, magurudumu na msingi wake vimeongeza pointi 9. Imeniuma, lakini ni afadhali nimelijua kabla chuma hakijakatwa.

Jumamosi, 8 Februari: nguzo kubwa sita

Vifaa vimefika. Nguzo nimezikagua moja moja, tatu zilikuwa zimepinda nikazirudisha kwenye gari lile lile.

Fundi mwenyewe amechimba mashimo ya kona tatu na nguzo tatu za geti. Kona ya nyuma kushoto tumeiacha, mzee jirani amesafiri na ahadi ni ahadi, pale tumesimamisha kigingi cha muda cha kushikia kamba. Bomba la maji linaloingia nyumbani linapita chini ya mstari wa mbele, tulilifukua kwanza kwa mkono tukajua liko wapi, nguzo moja ya kawaida imehama sentimita 40 kulikwepa. Wavu unakuruhusu hivyo, vyumba vikipishana kidogo hakuna anayeona.

Zege limemwagwa, nguzo zimepimwa kwa pima maji pande mbili na kufungwa mbao za kuzishikilia. Hakuna la kusimulia zaidi.

Jumamosi, 15 Februari: mashimo mapana

Leo vibarua wawili wamechimba upande wa kulia kwa majembe na sepetu, mimi nilikuwa nashughulika na kokoto mbele. Nguzo tisa zimesimama na zilisimama vizuri, ila zege la nguzo hizo tisa limekula mifuko 4 wakati kwenye karatasi ilikuwa 2 na kidogo.

Nikapima mashimo yaliyobaki wazi. Mdomo sentimita 40 badala ya 30. Mtu anaona sentimita 10 ni kitu kidogo, lakini zege linajaza eneo siyo mstari: 40 mara 40 ukigawa kwa 30 mara 30 inakaribia 1.8, na ukitoa nafasi ya nguzo yenyewe inakaribia mara mbili. Kwa nguzo 39 ingekuwa balaa. Na siyo pesa tu, shimo la jembe linakuwa pana juu na jembamba chini kama faneli, ambalo ndo umbo baya kwa nguzo, unataka lisimame wima au liwe pana zaidi chini.

Siwalaumu vibarua, jembe haliwezi kuchimba shimo jembamba la sentimita 70, mkono unahitaji nafasi. Dawa ni rahisi kuliko nilivyofikiri: mtaimbo wa kupondea udongo na kopo la kilo moja la kuchotea. Unaponda, unapiga goti, unachota. Upana unabaki sentimita 28 hadi 32. Shimo moja linachukua dakika 35 hivi badala ya 25 za jembe, lakini ukijumlisha na zege la kuchanganya unaokoa muda.

Kosa lingine la leo: kwenye hizo tisa zege tumelisawazisha usawa wa ardhi. Jioni ikanyesha kidogo na kila nguzo ikawa na kidimbwi chake. Sehemu inayooza kwanza kwenye nguzo ya mbao ni pale ardhi na hewa zinapokutana, na mimi ndo nimepawekea maji. Nimerudia kuzipaka saruji na mchanga juu kwa mteremko, kama kofia, maji yateleze nje. Zilizofuata zote nimeinua zege sentimita 3 juu ya ardhi na kulilaza kwa nje likiwa bado bichi.

Gharama ya siku: mifuko 2 ya ziada na nusu siku.

Jumamosi, 22 Februari: kamba, mwamba na msumeno

Kazi imekwenda. Nguzo 30 zilizobaki zimesimama ndani ya siku tano. Kuhusu kamba: ukivuta kamba moja juu na moja chini kutoka kona hadi kona, usiache nguzo iguse kamba. Nguzo moja ikiisukuma kamba kwa milimita tano, zinazofuata zote zinafuata kosa lile na ukifika mwisho una fensi yenye tumbo. Tulikata kibao cha sentimita 1, kila nguzo ikawa inakaa kibao kimoja kutoka kwenye kamba.

Upande wa kushoto ndo tulipata shida. Mashimo mawili yamekutana na mwamba kwenye sentimita 45. Nilikuwa nimeenda kufuata maji, kurudi nakuta kibarua ameshakata nguzo mbili kwa chini, kila moja sentimita 25, ili kimo cha juu kiwe sawa na nyingine. Kwa mtu asiyejua dawa ya mbao inavyofanya kazi alikuwa sahihi kabisa, kimo kilitoka vizuri. Lakini dawa haifiki moyoni mwa nguzo, inaingia kwenye tabaka la nje, ukikata kitako umefungua mbao isiyo na dawa na umeielekeza kwenye udongo wenye mchwa na unyevu. Kitako cha kiwandani ndicho kinachokwenda chini, siku zote. Kama lazima ukate, kata juu na upake dawa pale ulipokata.

Hili ni kosa langu, sikumwambia mtu asubuhi. Sasa kila anayekuja kufanya kazi namwonyesha kwanza.

Shimo la kwanza tumelisogeza sentimita 35, likashuka vizuri, chumba kimoja kimekuwa mita 2.78 na kingine 2.08, bado chini ya mita 3. La pili mwamba ulikuwa umetanda kila upande, tukalipanua mpaka sentimita 50 na kusimamisha nguzo mpya nzima, iliyozidi juu tukaikata na kuipaka dawa. Nguzo mbili zilizokatwa nimeziweka pembeni, zitapata kazi. Vumbi la msumeno na vipande nimevikusanya kwenye mfuko. Mbao zenye dawa usizichome wala usipikie, baadhi ya dawa hizo zina aseniki ndani yake na moshi wake ni sumu, na majivu vilevile.

Gharama: nguzo mbili mpya, siku moja.

Jumamosi, 1 Machi: kona imelala

Hii ndo sehemu ninayotaka isomwe kuliko zote.

Mzee amerudi Jumanne, Jumatano tarehe 26 tukasimamisha nguzo ya kona ya nyuma kushoto akiwepo, akapima mwenyewe kutoka kwenye bikoni akaridhika. Leo Jumamosi fundi wa kuvuta wavu alikuwa na nafasi, na mimi nilikuwa na haraka. Tukaanza upande wa nyuma, waya tatu za kulalia wavu, juu, katikati na chini, tukazifunga kona ya kulia tukazivuta kwa mashine kutokea kona ya kushoto. Waya ya juu ikakaza vizuri hadi ikalia ukiigonga. Tukavuta wavu. Nilipogeuka nikaona kama macho yananidanganya. Nguzo ya kona imeinama kuelekea ndani ya mstari, nikaweka timazi (kamba yenye uzito chini ya kupimia wima), imetoka sentimita 6 kule juu. Chini zege limepasuka upande mmoja na udongo umevimba.

Tukalegeza kila kitu haraka.

Sababu ni mbili na zote nilipaswa kuzijua. Ya kwanza, zege lilikuwa na siku tatu. Kwa kugusa ni jiwe, lakini nguvu yake bado ndogo. Zege la saruji ya kawaida likifika siku 7 na likatunzwa kwa maji linakuwa na kama theluthi mbili ya nguvu inayopimwa siku ya 28. Siku ya tatu hukutakiwa hata kuliwaza.

Ya pili ndo ile niliyosahau kwenye karatasi ya tarehe 25 Januari: nguzo za mshazari, yaani zinazolala kuegemea nguzo ya kona isiiname. Fikiria nguzo ya katikati ya mstari, wavu unaivuta kulia na kushoto kwa nguvu sawa, kwa hiyo haiendi popote, kazi yake ni kusimama tu. Nguzo ya kona haina wa kuivuta upande wa pili, inavutwa upande mmoja na wavu wa nyuma na upande mwingine na wavu wa pembeni, na inavutwa juu kabisa, karibu mita 2 kutoka ardhini, kama mtu anayeng'oa kigingi kwa kushika ncha. Bila kitu cha kuikinga, zege peke yake halitoshi hata likikomaa. Nilizipima na kona nyingine, ya nyuma kulia ilikuwa na wiki tatu na kuinama kwake hakukuonekana kwa macho, lakini timazi ikaonyesha sentimita 1.

Kwa hiyo kila kona inahitaji nguzo mbili za mshazari, moja kwa kila mstari wa fensi, na nguzo mbili za pembeni kabisa za mageti zinahitaji moja moja. Jumla 10. Kwenye bajeti yangu zilikuwa sifuri. Nilihesabu nguzo zilizosimama tu, zilizolala sikuziona.

Jumamosi, 8 Machi: matengenezo

Nimenunua nguzo 8 na zile mbili zilizokatwa vitako ndo zimepata kazi yao, ncha iliyokatwa imekwenda juu, ya kiwandani imeingia chini. Mshazari unaegemea nguzo ya kona kwenye theluthi mbili ya kimo, unateremka kwa pembe ya kama digrii 45, na chini unakaa kwenye kitako cha zege chenye uso ulioelekezwa kwake, siyo kuzamishwa tu kwenye udongo. Kule juu tumechonga mfuo mdogo na kufunga boliti. Mfuo ukiwa mkubwa unaidhoofisha nguzo, sisi tumechimba sentimita 2 tu, tukapaka dawa.

Mishazari yote imelazwa ndani ya mstari wa fensi, haijitokezi uani. Hii imesaidia kushoto mbele ambako geti linatembea kwa nyuma ya wavu, mshazari ungetokea ndani ungeligonga.

Nguzo iliyoinama tumeing'oa pamoja na zege lake, shimo limebaki na upana wa sentimita 55, limekula mfuko mmoja. Mzee alikuja tena kupima, safari hii na mjukuu wake wa kushika tepu. Mifuko ya saruji jumla sasa 20 badala ya 15. Magunia yaliyolowa yako juu ya zege na namwagilia asubuhi na jioni. Hakuna anayegusa waya mpaka siku 14 zitimie.

Jumamosi, 22 Machi: wavu

Umekwenda bila shida, kona zimepimwa kila baada ya kuvuta na timazi haikusogea.

Ya kukumbuka: rolo mbili huziungi kwa kuzifunga na vipande vya waya. Wavu huu umesukwa kwa nyuzi zilizojizungusha kama springi, unachomoa uzi mmoja wa pembeni kwa kuuzungusha, unasogeza rolo mbili zikutane, alafu unaurudisha ule uzi kwa kuuzungusha ukipita kwenye zote mbili. Maungio hayaonekani. Mwisho wa kila mstari pitisha fimbo ya chuma kwenye matundu, juu mpaka chini, uvute hiyo fimbo, usivute wavu kwa tundu moja manake unararua umbo.

Kushoto nyuma ardhi inateremka na kuna bonde dogo ambapo wavu umebaki sentimita 25 juu. Nilitaka kujaza udongo, mzee akanikumbusha kwamba maji ya mvua ya viwanja vyote viwili yanatokea pale, ukiziba yanarudi kwake na kwangu. Tumepanga mawe makubwa yenye nafasi kati yake. Mbwa hapiti, maji yanapita.

Jumamosi, 5 Aprili: geti na hesabu

Geti limefungwa Jumanne. Linasukumwa kwa mkono mmoja. Reli inahitaji kufagiliwa, kokoto moja ndogo inalisimamisha.

Hesabu mpaka leo: nguzo pointi 35 (nilipanga 30), wavu na waya 26 kama ilivyopangwa, mageti 31 (nilipanga 22), zege 13 (nilipanga 10), vibarua na usafiri 15 (nilipanga 12). Jumla 120. Kati ya pointi 20 zilizozidi, 9 ni za geti ambazo zisingekwepeka, ardhi ndivyo ilivyo, ningezijua tu mapema. 11 zilizobaki ni mishazari niliyosahau, mashimo mapana, nguzo mbili zilizokatwa, kona iliyong'olewa na siku za vibarua zilizoliwa na hayo yote. Mishazari ningelipia hata hivyo, ila ningelipia mara moja.

Muda: nilisema wiki 5, zimekuwa 12.

Kilichobaki: komeo la geti dogo, kupaka dawa vichwa vya nguzo mbili za kushoto ambazo jua limezipasua kidogo, na kukaza waya ya juu tena, mbao mpya zinakauka na kunywea kidogo kwa hiyo nitapita na pima maji nguzo zote 46 tarehe 3 Mei, matokeo nitayaandika hapa chini.